Ukurasa mwekundu umefunika tovuti yangu: nimlalamikie nani?

Swali: Kaka, habari za kazi. Nina kampuni ndogo ya utalii hapa Moshi, tunapandisha wageni Kilimanjaro. Tangu Alhamisi iliyopita kila anayefungua tovuti yetu anakutana na ukurasa mwekundu unaosema tovuti hii ni ya udanganyifu na inaweza kumwibia taarifa zake. Nimejaribu kwa Chrome na kwa Firefox, ni yale yale. Mgeni wa Ujerumani aliyekuwa analeta watu sita ameahirisha, anasema anaogopa kutuma pesa. Fundi aliyetutengenezea tovuti (imejengwa kwa programu ya WordPress, ina ukurasa wetu wa kulipia kwa kadi) ameikagua, anasema ni safi kabisa, ila anataka shilingi 600,000 ili "aongee na Google". Hatujamwibia mtu hata senti. Nimlalamikie nani? Naweza kuwashtaki? Au ninunue jina jipya la tovuti nianze upya?

Jibu: Pole sana dada. Tuanze na hiyo 600,000: usiitoe. Kuomba tovuti ikaguliwe upya ni bure, na anayeomba ni mwenye tovuti mwenyewe. Hakuna fundi wa Moshi, Dar wala Nairobi mwenye namba ya simu ya mtu wa Google wa kumalizana naye. Fundi alipwe kwa kazi ya kusafisha, kama kuna cha kusafisha. Kuongea hakulipiwi kwa sababu hakuna wa kuongea naye. Na hapo ndipo nakuunga mkono kwa moyo wote: mtu anafungiwa duka mchana kweupe, katikati ya msimu, na hakuna hata dirisha la kwenda kuuliza kosa lake ni lipi.

Ila kufungiwa bila kusikilizwa hakuthibitishi kwamba umefungiwa kwa makosa. Hayo mawili tuyatenganishe, maana dawa zake ni tofauti.

Umenipa dokezo kubwa pale uliposema Chrome na Firefox zote zinaonya. Firefox hutengenezwa na Mozilla, si Google, lakini vivinjari hivyo viwili, pamoja na Safari ya Apple, vinasoma orodha moja iitwayo Safe Browsing, ambayo ni ya Google. Google wenyewe wanasema inalinda vifaa zaidi ya bilioni 5 kila siku. Kwa hiyo tovuti yako imeingizwa kwenye orodha hiyo, na mlango wa kubisha ni huo mmoja. Onyo lingetokea kwenye Edge peke yake, kivinjari cha Microsoft, mlango ungekuwa SmartScreen, kinga yao wenyewe ya namna hiyo hiyo. Lingetokea kwenye kompyuta ya mgeni mmoja tu, mwenye antivairasi fulani, ungeiandikia kampuni ya antivairasi hiyo. Nalisema hili kwa sababu nimewaona watu wakihangaika wiki nzima kumwandikia asiyehusika. Wengine hupeleka malalamiko VirusTotal, wakati VirusTotal inakusanya tu majibu ya kampuni zaidi ya 70 na kuyapanga kwenye ukurasa mmoja. Yenyewe haihukumu, na haiwezi kumfutia mtu hukumu ya mwingine.

Kuna onyo jingine ambalo watu hulichanganya na hili, la muunganisho kutokuwa salama. Hilo halikutuhumu wewe kwa lolote, linahusu cheti cha usalama, kile kinachothibitisha kwamba mgeni anawasiliana na tovuti yenyewe kwa siri: kimeisha muda, hakikuwekwa sawasawa, au saa ya simu ya mgeni imekosewa. Si tatizo lako leo. Lakini muulize fundi kama cheti kinajihuisha chenyewe. Vyeti vya bure vya Let's Encrypt vimezoeleka kudumu siku 90, na hata vya kulipia vinafupishwa: kikomo kimepangwa kuwa siku 200 kuanzia 15 Machi 2026 na siku 47 kufikia 15 Machi 2029. Fundi aliyezoea kuhuisha kwa mkono mara moja kwa mwaka atakuangusha.

Turudi kwenye wekundu wako. Unasema onyo linataja udanganyifu. Hilo nalo ni dokezo, kwa sababu Google hutofautisha tovuti inayosambaza programu hatari na tovuti inayomhadaa mtu atoe nywila au namba ya kadi. Wewe umewekwa kundi la pili. Maana yake mashine yao imeona mahali fulani ndani ya tovuti yako ukurasa unaofanana na mtego. Kazi yetu ni kuupata ukurasa huo, kisha ndipo tuseme ni mtego kweli au wamekuonea.

Sasa hili neno "safi kabisa". Nitakusimulia yaliyonipata. Niliwahi kuitwa na shule moja ya bweni iliyokuwa na shida kama yako. Nikaifungua tovuti yao kwenye kompyuta yangu, nikapitia kurasa zote, nikamhakikishia mkuu wa shule kwamba wameonewa. Siku mbili baadaye mzazi mmoja akatuma picha ya skrini: ametafuta jina la shule kwenye simu yake, akabofya jibu la kwanza, akajikuta kwenye kamari. Kumbe mdukuzi alikuwa ameweka mistari michache kwenye faili la .htaccess, linaloielekeza seva impeleke mgeni wapi, mistari yenye kumchagua mtu. Akija kwa simu, akitokea Google, anapelekwa kamari. Akiandika anwani mwenyewe kwenye kompyuta, kama nilivyofanya mimi, anaiona shule. Nilimpa mkuu wa shule uhakika ambao sikuwa nao, na siku mbili hizo wazazi waliendelea kupelekwa kamari. Tangu hapo siapi kwa niaba ya tovuti yoyote kabla sijaiingia kama mgeni.

Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenye nyumba anapita njia ile ile kila siku, kwa hiyo fanya ugeni kwenye nyumba yako. Chukua simu ambayo haijawahi kuingia kwenye tovuti yako kama msimamizi, zima Wi-Fi ya ofisini, tumia bando. Usiandike anwani, litafute jina la kampuni kwenye Google, kisha ubofye. Halafu kwenye kisanduku cha kutafutia andika site: na jina la tovuti yako bila kuacha nafasi, uone Google wanazijua kurasa zako zipi. Ukikuta kurasa za kamari kwa Kiindonesia, au za bidhaa kwa Kijapani, au jina la benki usiyofanya nayo kazi, basi una mpangaji chumba cha uani asiyelipa kodi. Wadukuzi wa mitego ya aina hii ndivyo wanavyopenda kukaa. Hawagusi ukurasa wa mbele, wanapandisha folda moja ndani kabisa, yenye ukurasa bandia wa kuingia benki au barua pepe, kisha wanatuma anwani hiyo kwa maelfu ya watu. Ukumbi wako unabaki na picha nzuri za Kibo na Mawenzi, huku uani watu wanaibiwa.

Ushahidi wenyewe utauomba kwa Google. Fungua akaunti ya Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti, ni bure, thibitisha kwamba tovuti ni yako, kisha ingia sehemu ya masuala ya usalama. Mara nyingi watakupa mfano wa anwani walizozishuku. Anwani hizo ndizo hati yako ya mashtaka, kwa hiyo zisome neno kwa neno kabla hujabishana. Ukiwa humo tazama pia orodha ya watu waliosajiliwa kama wamiliki, maana wadukuzi hujiongeza humo ili waiendeshe tovuti kana kwamba ni yao. Na kuna zana ya kukagua anwani moja moja inayokuonyesha ukurasa kama roboti ya Google inavyouona. Mambo yanayofichwa machoni pako huonekana hapo.

Fundi naye mpe kazi ya maana. Alinganishe faili za WordPress na zile za asili. Atafute faili za PHP, yaani za programu, ndani ya folda ya picha zilizopandishwa, ambako kwa kawaida hazina shughuli. Ahesabu wasimamizi, na kama wewe unawajua wawili na yeye anaona watatu, jibu limepatikana. Aseme bila kuficha kama themu (sura ya tovuti) au plagini (programu ya nyongeza) yoyote aliyoweka ilikuwa ya kulipia lakini yeye akaipata bure mahali, kwa sababu nakala hizo za wizi mara nyingi huja na mlango wa nyuma ulioachwa wazi. Tovuti ya majaribio aliyoisahau kwenye folda ya pembeni, nayo aifute. Na nywila zote zibadilishwe, za WordPress, za seva na za hifadhidata. Anayefuta uchafu akaacha ufunguo ule ule atarudi wiki ijayo kufuta tena.

Tuseme sasa mmekagua yote hayo na kweli hakuna kitu. Hapo naamini umeonewa, na si wewe wa kwanza. Tarehe 31 Januari 2009, kwa karibu saa moja, Google waliitangaza karibu kila tovuti duniani kuwa hatari, pamoja na zao wenyewe, kwa sababu mtu mmoja aliingiza alama ya mkwaju (/) peke yake kwenye orodha, na alama hiyo imo kwenye kila anwani ya intaneti. Walikiri siku hiyo hiyo kwamba lilikuwa kosa la kibinadamu. Siku hizi makosa makubwa namna ile ni nadra. Yanayotokea ni madogo, ya mtu mmoja mmoja, na kwa kuwa hayatikisi dunia hakuna anayeyasikia.

Katika kisa chako nashuku zaidi ukurasa wa kulipia. Roboti haijui moyo wako. Inaona ukurasa wenye nembo za Visa na PayPal, juu ya jina la tovuti lisilohusiana na kampuni hizo, wenye visanduku vya namba ya kadi na zile tarakimu tatu za nyuma. Ukurasa wa mwizi nao unaonekana hivyo hivyo. Oktoba 2025 watengenezaji wa Immich, programu huria ya kutunza picha, walijikuta kwenye orodha hiyo kwa sababu za kufanana namna hii: kurasa zao za ndani za majaribio, zilizokuwa chini ya jina lao wenyewe, zilidhaniwa ni za kuhadaa watu, na wekundu ukafunika jina lote. Walifungua mlango kwa kuomba ukaguzi upya, na wakaamua kuzihamishia kurasa hizo za majaribio kwenye jina jingine la peke yake ili zisiwaunguze tena.

Kwako wewe ushauri ni rahisi, na ningeutoa hata kusingekuwa na onyo: acha kupokea namba za kadi kwenye ukurasa wako. Mpeleke mgeni kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo yenyewe, alipe huko, arudishwe kwako na risiti. Roboti itatulia. Mgeni naye atatulia, na zikiibiwa kadi za watu hakuna atakayekutazama wewe.

Mshukiwa mwingine ni kitu ulichokiazima: kile kidirisha cha kuongea na wageni, kihesabio, ramani, tangazo. Vyote hivyo huletwa kutoka seva ya mtu mwingine kila ukurasa unapofunguka. Mwaka 2024 jina la polyfill.io, lililokuwa likigawa msimbo wa kuazima na ambalo wajenzi wa tovuti waliliamini kwa miaka, liliuzwa, na mmiliki mpya akaanza kupitisha msimbo hatari kwenye tovuti zaidi ya 100,000. Wenye tovuti hizo hawakuwa wamegusa kitu. Maonyo waliyopata yalikuwa ya kweli, na hasara ikawa yao. Kwa hiyo kila kisichokuwa na kazi kwenye tovuti yako kitoe.

Kuna na ubaya wa majirani. Kama jina lako lingekuwa la bure chini ya jina la mtu mwingine, majirani wabaya wangeweza kukuzamisha: Julai 2011 Google waliyaondoa kwenye matokeo majina yote yaliyokuwa chini ya co.cc, tovuti zaidi ya milioni 11, wema na waovu pamoja. Jina la .co.tz halimo katika hali hiyo, kwa kuwa kila linalosajiliwa chini yake huhesabiwa peke yake. Lakini kama ulilinunua jina lililowahi kutumiwa na mwingine, litazame kwenye Internet Archive, hifadhi ya nakala za zamani za tovuti, uone mwenyewe wa zamani alikuwa akifanya biashara gani.

Mkishamaliza, na namaanisha mkishamaliza, ndipo ubofye kitufe cha kuomba ukaguzi. Barua ile ni fupi lakini watu huiharibu. Huandika kwa hasira, au huandika "tumeshatengeneza" na kuishia hapo. Andika kama unavyomweleza polisi tukio: tulikuta nini, wapi, tumefanya nini, sasa hali ikoje. Kwa mfano: "Tulikuta folda isiyo yetu ndani ya folda ya picha, yenye ukurasa bandia wa kuingia benki. Tuliifuta tarehe fulani. Iliingia kupitia plagini ya zamani, tumeiondoa. Tumebadilisha nywila zote na kumfuta msimamizi tusiyemjua. Ukurasa wa malipo ni wetu halali, sisi ni kampuni ya utalii iliyosajiliwa Tanzania. Hata hivyo tumeondoa fomu ya kadi, na malipo sasa yanafanyika kwa kampuni ya malipo." Iandike kwa Kiingereza chepesi, sentensi fupi. Kama hamkukuta chochote, sema hivyo hivyo, taja mlichokagua, na ueleze kwa nini ukurasa walioushuku ni halali. Hapo kuna na njia ya pili: kwenye ule ukurasa mwekundu wa Chrome, ukifungua maelezo zaidi, utaona pa kuripoti kwamba wamekosea kutambua. Tumia zote mbili.

Kisha subiri. Najua kusubiri kunauma, lakini usitume ombi la pili kabla ya la kwanza kujibiwa. Kesi za udanganyifu kwa kawaida hujibiwa ndani ya siku moja hivi, za programu hatari siku chache. Zile za tovuti iliyodukuliwa na kujazwa kurasa za takataka zinaweza kuchukua wiki kadhaa. Jibu likija zuri, jaribu kwa simu zaidi ya moja. Chrome tangu Machi 2024 huuliza orodha papo hapo, lakini kivinjari kinachotunza nakala ya orodha kwenye kifaa kinaweza kuchelewa kidogo.

Kuhusu kushtaki, nakujibu kwa mfano. Kampuni ya Enigma Software ya Marekani iliishtaki Malwarebytes mwaka 2016 kwa kuziita programu zake tishio. Mwaka 2023 mashauri yao yalikuwa bado yanasikilizwa mahakama ya rufaa. Hizo ni kampuni mbili zenye mawakili wao, ndani ya nchi moja. Simkatazi mtu kudai haki yake, ila msimu wako wa kupanda mlima hauwezi kungoja miaka saba.

Jina jipya usinunue. Kama uchafu umo kwenye faili, utauhamisha nao na jina jipya litawekwa wekundu vile vile. Kama hakuna uchafu, utakuwa umelitupa jina ambalo wageni wako wanalijua, na mgeni mwenye wasiwasi akiona umebadilisha jina ghafla ataona kashapata uhakika kwamba wewe ni tapeli. Kwa sababu hiyo hiyo usimtumie mtu yeyote akaunti mpya ya benki wiki hii, hata kama una sababu nzuri.

Huyo Mjerumani bado hujampoteza, kaahirisha tu. Mwandikie leo. Usimwambie alipuuze onyo abofye kupita, maana utakuwa unamfundisha tabia itakayomwibia siku nyingine, na kama kuna kitu uani utakuwa umemwingiza mwenyewe. Mwambie tovuti imewekewa onyo, mnaikagua, na malipo yoyote yasubiri. Kabla ya kutuma, ondoa anwani ya tovuti kwenye sahihi ya barua pepe yako, kwa sababu barua yenye kiungo cha tovuti iliyo kwenye orodha huweza kutupwa kwenye takataka kabla hajaisoma. Ratiba ya safari iambatishe kama PDF, mpe namba ya leseni yako ya utalii, na mwombe mpigiane simu ya video ukiwa ofisini. Halafu nitumie zile anwani utakazozikuta Search Console, nizione.